Kompyuta Yenye Alama Nyekundu

Siku niliyoaga yadi walinipa soda na kiti cha plastiki, wakasema, "Mzee Zeki, hotuba!" Nikasimama, nikasema asante, nikakaa. Watu walicheka. Faith, fundi wa umeme wa magari ambaye sasa anafanya kazi kwenye benchi lililokuwa langu, akaniambia, "Mzee, miaka yote hiyo na neno ni moja? Basi nenda uandike."

Mimi niliishia darasa la saba, na kuandika si kazi yangu. Lakini tangu ujana nimekuwa na tabia ya kuweka kwenye daftari kila gari lililonishinda na kila lililokubali. Madaftari hayo ninayo kwenye sanduku chini ya kitanda, mengine yamekunywa mafuta. Ninaandika haya nikiyatazama. Mahali ambapo kichwa changu na daftari vinabishana nitafuata daftari, ingawa nalo liliandikwa na mimi huyuhuyu, kwa hiyo sijui kama hiyo ni dawa.

Nilifika yadi nikiwa fundi wa kabureta, au nikijidhania hivyo. Yadi yetu iko karibu na soko la Burma, na ikifika saa sita harufu ya nyama choma huingia hadi ndani ya boneti. Siku yangu ya kwanza nilipewa kabureta niifungue, niioshe na kuirudisha. Nilipomaliza, springi moja ndogo ilikuwa imebaki kwenye kiganja. Niliitia mfukoni kimya. Gari likawaka, mwenyewe akashukuru akaenda. Mpaka leo sijui ile springi ilikuwa ya nini. Ninaitaja kwa sababu vijana huniambia kwamba sisi wa zamani hatukuwa tunakosea.

Kisha yakaanza kuja magari ya Kijapani yasiyo na kabureta, yenye kompyuta ya injini. Tuliyaogopa. Nasema ukweli. Mtu akileta gari la namna hiyo mafundi wote ghafla walikuwa na kazi chini ya magari mengine. Wengine waliwashauri wenye magari waitoe kompyuta kabisa wafunge kabureta, kama mtu anayeumwa jino kushauriwa ang'oe taya.

Ni mmoja tu ambaye hakuogopa, Mzee Odongo. Alikuwa amestaafu kwenye simu za reli, akiishi Makongeni, na alikuja yadi kutengeneza redio za magari. Alikuwa na mita ya mshale, taa ya kupimia aliyoitengeneza mwenyewe, na kipande cha waya kifupi kama kidole, kimechunwa ncha zote mbili. Miguuni alivaa akala, viatu vya tairi vya Kariokor, na juu ya benchi kipande cha mpira wa tairi kutoka hukohuko Kariokor, alichotumia kama kitanda. "Kitu cha umeme hakilazwi kwenye chuma," alisema. "Kinalazwa kwenye mpira, kama mtoto." Sote tuliishika desturi hiyo, na mpaka leo kila benchi la yadi lina mpira wake. Nitaurudia huo mpira.

Siku moja aliniita kwenye gari lililokuwa linakunywa petroli na kutoa moshi mweusi kila asubuhi. Akafungua kijisanduku cha plastiki kilicho karibu na injini, chenye vitundu vingi. Akachomeka kile kiwaya kifupi kuunganisha vitundu viwili, akaniambia niwashe swichi lakini nisipige stata.

"Taa ya injini kwenye dashibodi inafanya nini?"

"Inakonyeza."

"Inakonyeza mara ngapi? Hesabu kwa sauti, Zeki, sikusikii."

"Mbili. Imenyamaza kidogo. Mbili tena."

"Ishirini na mbili. Hiyo ni sensa ya joto la maji. Kompyuta inafikiri tuko Ulaya kwenye baridi, kwa hiyo inamwaga petroli. Sasa usikimbie kununua sensa. Fuata waya."

Nilifuata waya. Panya alikuwa ameula. Tuliunga, tukafunga, na moshi ukaisha. Nilihisi kama niliyeongea na mtu aliyedhaniwa bubu. Katika daftari la siku hiyo nimeandika "22 = maji. Panya" na sikuandika kitu kingine chochote, ila nakumbuka nilitembea kwa miguu hadi nyumbani Kaloleni nikijikonyezea macho.

Mambo matatu ya Mzee Odongo ninayaandika hapa ili yasipotee. La kwanza, pima kabla ya kusema. La pili, ukipata namba tatu nne kwa mpigo mmoja usiamini kwamba sensa tatu nne zimekufa siku moja. "Wakiugua watatu katika nyumba moja," alisema, "usitafute magonjwa matatu. Angalia maji wanayokunywa." Alimaanisha waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye chuma cha injini ili umeme upate njia ya kurudi kwenye betri. Ukilegea huo, sensa zote hudanganya pamoja. La tatu lilikuwa alama. Kila kompyuta inayotolewa kwenye gari iwekwe tone la rangi ya kucha pembeni, mwenye gari akiona, na iandikwe kwenye daftari. Maana kompyuta zinafanana kama mayai, na fundi mbaya anaweza kutoa nzima akarudisha mbovu. Nilitumia rangi nyekundu ya mke wangu. Alikuwa akiniuliza ni mwanamke gani huyo mwenye kucha nyingi hivyo.

Mzee Odongo alipozeeka alirudi kwao Ugenya akaniachia mita na kiwaya. Hapo ndipo ninapopaswa kuandika jambo lisilonipendeza. Yeye alinifundisha kila kitu mchana peupe, mbele ya mtu yeyote aliyesimama. Mimi nilipokuwa mkubwa wa benchi nilianza kugeuza mgongo. Nikichomeka kile kiwaya nilisimama hivi, boneti upande huu na bega langu upande ule, mtu asione ni vitundu vipi. Mtu akiuliza nilijuaje, nilisema, "Ni uzoefu tu." Kwa haki, karibu kila fundi alifanya hivyo. Tuliita kulinda unga, yaani riziki. Lakini Mzee Odongo hakufanya, na mimi nililijua hilo kila nilipogeuka.

Aliyeuliza zaidi ya wote alikuwa Joram. Alitoka Busia, akiishi Mukuru kwa Reuben na mkewe na watoto watatu, na kila asubuhi alitembea akipita Industrial Area hadi yadi. Kwa stata na oltaneta hakuwa na mwenzake, hata mimi nilimpelekea zangu. Aliniita mulamwa, yaani shemeji, ingawa hatukuoleana. Mimi ni wa Vihiga, na huko kwetu utani wa namna hiyo unatosha kuwa undugu.

"Mulamwa, nionyeshe basi hiyo taa inasema nini."

"Inasema nenda ukamalize stata ya watu."

Alicheka kila mara. Sikuwahi kujiuliza kama ilimchekesha.

Basi ulikuja mwaka wa mvua nyingi. Nesi mmoja mkunga, Mama Lavenda, alikuwa na gari jeupe la abiria lenye nafasi ya mizigo nyuma, la zamani lakini lenye kompyuta. Nilikuwa nimelijua miaka kadhaa. Niliwahi kuitoa kompyuta yake, nikaipima na kuitia alama, daftari linasema hivyo. Miezi michache kabla ya mvua nilikuwa pia nimebadilisha gasketi ya kile chuma kinachogawa hewa kwenye injini. Kazi hiyo ilikuwa ndogo, nikaisahau.

Mvua ilipitia kwenye kioo cha mbele ikajaa miguuni kwa abiria, mahali kompyuta inapokaa. Siku hiyo sikuwepo, kwa hiyo Joram aliifungua, akaikausha juani, akairudisha, na gari likawaka. Siku mbili baadaye alipata habari kwamba mjomba wake amefariki, akaenda Busia kwenye mazishi. Mama Lavenda akarudi Jumanne asubuhi, na mara hii alinikuta mimi, Baba Sifa kama alivyozoea kuniita kwa jina la mtoto wangu.

"Baba Sifa, likipata moto linatetemeka na kuzima. Jana limenizimia nikiwa na mama mwenye uchungu kiti cha nyuma. Amejifungua salama, lakini si kwa sababu ya gari."

Nilichomeka kiwaya, mgongo wangu nikiwa nimeugeuza kama kawaida. Taa ikanipa ishirini na mbili, kisha thelathini na moja, kisha arobaini na moja. Maji, hewa, na kanyagio la mafuta. Tatu kwa mpigo.

Ninyi mnaosoma mmeshajua nilipaswa kufanya nini. Nami nilijua. Lakini nilikuwa nimeona kompyuta imenyweshwa maji, na jicho likishaona kitu kichwa huacha kutafuta. Niliazima kompyuta ya gari jingine la aina ileile lililokuwa yadi. Niliifunga kwa skrubu kwenye kishikio chake cha chuma, nikawasha. Injini ikatulia kama maji ya mtungini. Nikairudisha ile ya Mama Lavenda, nayo Joram alikuwa ameilaza juu ya kipande cha mpira wa tairi na kuifunga kwa ukanda wa tyubu, bila skrubu. Injini ikatetemeka. Nikabadilisha tena mara ya pili, matokeo yakawa yaleyale. Nani angebisha?

Kisha nikatafuta alama yangu nyekundu. Haikuwepo.

Nilimpigia Joram simu, huko Busia kelele za matanga zikisikika nyuma yake. "Ile kompyuta ya Mama Lavenda alama yake iko wapi?"

"Alama? Aah, ilikuwa na tope na kutu, nikaipangusa na thina. Labda imetoka. Kwani?"

"Hakuna kitu," nikasema.

Mchana huo tulikwenda Burma kula, sisi watano au sita, na Mwenyekiti Musyoka, aliyekuwa anasimamia yadi, akiwepo. Nikasema maneno haya, nayo nimeyaandika kwenye daftari jioni ileile kwa hiyo siwezi kuyapunguza: "Kompyuta iliyo kwenye lile gari si ile niliyoitia alama." Sikusema mwizi. Nimejitetea miaka mingi kwa hilo, kwamba sikusema mwizi. Lakini nilinyamaza pale mwingine alipolisema, na nyama niliendelea kuitafuna.

Sheria ya yadi yetu ilikuwa moja. Fundi akithibitika amebadilisha kifaa cha mteja anafungasha spana zake na haruhusiwi kurudi, na jina lake linapelekwa kwenye yadi nyingine zote hadi Kariobangi. Mwenyekiti akasema kikao kitakuwa Ijumaa saa nane, Joram akiwa amerudi.

Alirudi Alhamisi. Alikuja moja kwa moja kwenye benchi langu na begi la safari likiwa bado begani, viatu vyake vina udongo mwekundu wa kwao.

"Mulamwa, nimeambiwa getini na mama wa chai. Mama wa chai, Zeki! Kila mtu anajua isipokuwa mimi."

"Nilikuuliza kwenye simu."

"Uliniuliza alama iko wapi, nikakuambia. Hukuniuliza kama nimeiba."

"Alama haiwezi kupotea hivihivi."

"Rangi ya kucha haitoki kwa thina? Enda uulize mkeo." Watu walikuwa wamesimamisha kazi wanatutazama. Akashusha sauti. "Umenichoma, buda. Nimezika mjomba juzi. Kesho nikitolewa hapa nitawaambia nini watu wa nyumbani? Kwamba nilitolewa na shemeji?"

Nikasema kikao kitaamua, maneno ya mtu anayejificha nyuma ya watu.

Sikula vizuri jioni hiyo. Mke wangu aliniuliza nina nini, nikamweleza, naye alikwenda akachukua chupa yake ya rangi, akadondosha tone juu ya kifuniko cha sufuria kuukuu, akasubiri likauke, akalipangusa kwa kitambaa chenye ile dawa yake ya kuondolea rangi. Kifuniko kikabaki safi. "Huyo mtu ana kesi gani?" akaniuliza.

Hilo lilithibitisha kwamba Joram angeweza kuwa mkweli. Halikuthibitisha kwamba ni mkweli. Ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofikiri, na nafikiri ilikuwa sawa kufikiri hivyo. Kosa lilikuwa kwamba nilipaswa kuanza kufikiri tangu Jumanne.

Ijumaa asubuhi nilifika yadi mapema kabla ya wengine, nikaitoa ile kompyuta nikaiweka kwenye mwanga. Tulikuwa tunapaka tone karibu na skrubu ya kona. Kifuniko kilikuwa safi kabisa, kama Joram alivyosema. Kisha nikavaa miwani nikatazama ndani ya ule mfereji mwembamba wa kichwa cha skrubu, mahali kitambaa hakifiki. Ndani kulikuwa na wekundu. Kidogo, kama damu inayobaki chini ya ukucha.

Ilikuwa ileile. Nilikaa chini kwenye kopo la rangi. Kama kompyuta ni ileile, basi kwa nini gari lilipona na ile ya kuazima? Nilihisi aibu, lakini, kusema kweli, chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine kama njaa. Nilitaka kujua.

Nikachukua mita ya Mzee Odongo. Niliirudisha kompyuta juu ya mpira wake, nikawasha injini, nikaiacha ipate moto hadi ikaanza kutetemeka, nikaweka ncha moja ya mita kwenye waya wa ethi wa kompyuta na nyingine kwenye hasi ya betri. Mshale unapaswa kulala. Ukiinuka, maana yake umeme unahangaika kutafuta njia ya kurudi. Uliinuka, ukapita volti moja, ukawa unachezacheza. Nikaufuata ule waya kwa vidole, kutoka ndani hadi chini ya boneti, hadi kwenye kile chuma cha kugawa hewa, ambapo unafungwa kwa bolti moja ndogo. Niliigusa ile bolti. Ikazunguka kwa kidole.

Hakuna aliyekuwa ameifungua bolti hiyo isipokuwa mimi, siku ya gasketi. Na mara nikakumbuka vizuri. Nilikuwa nimeirudisha kwa vidole, nikasema nitaikaza nikimaliza, kisha mtu akaniita.

Yaliyobaki yalijipanga yenyewe. Baada ya bolti kulegea, gari liliendelea kwenda kwa sababu mwili wa kompyuta ulikuwa umefungwa kwa skrubu kwenye chuma cha gari, na umeme ulirudi kwa njia hiyo ya uchochoroni. Joram alipoikausha aliona skrubu zimeoza, akaogopa maji yasiifikie tena, akailaza juu ya mpira kama sisi sote tulivyofundishwa. Uchochoro ukazibwa. Na ile ya kuazima mimi niliifunga kwa skrubu kwenye chuma, nikaufungua uchochoro upya bila kujua. Mara mbili nilifanya jaribio, na mara zote mbili nililifanya vibaya kwa namna ileile.

Nilitaka sana kuandika hapa kwamba kosa lilikuwa letu sote wawili, nusu kwa nusu. Nimejaribu kupima kwa haki. Mpira wa Joram peke yake usingeliumiza gari. Bolti yangu peke yake ingeliumiza siku moja, mpira au bila mpira. Na iko sehemu ya tatu. Kama ningemwonyesha Joram hata mara moja ethi ya kompyuta ni nini, angeitazama bolti ile kabla yangu, maana macho yake yalikuwa mazuri kuliko yangu. Nilikuwa nimeugeuza mgongo.

Nilikuwa na saa kama sita kabla ya kikao. Ninataka mjue kwamba nilifikiria kuikaza ile bolti kimya na kuwaambia watu kompyuta imepona yenyewe baada ya kukauka. Joram angebaki, mimi ningebaki, na kila mtu angefurahi. Nilifikiria jambo hilo kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Sijui ni nini kilichonizuia. Ningependa kusema ni dhamiri, lakini huenda ni kwamba ningekuwa mtu pekee ninayejua, na mimi sijiamini na siri. Niliiacha bolti ilivyo.

Saa nane walikusanyika chini ya mabati. Joram alikuwa amevaa shati la mazishi, na sanduku lake la spana alikuwa amelifunga tayari na kuliweka miguuni. Mama Lavenda pia alikuja. Mwenyekiti Musyoka akaniambia nianze.

"Kabla sijasema," nikasema, "njooni kwenye gari."

Nikawasha injini. Nikampa Joram mita mkononi, nikamwambia ncha hii hapa, ile kwenye betri, soma kwa sauti.

"Volti moja na… inapanda. Inashuka. Kwani inafaa kuwa ngapi?"

"Sifuri. Sasa shika ile bolti."

Aliigusa. Akanitazama. Hakuhitaji kuambiwa zaidi ya hapo, alivyo mwepesi. "Inazunguka," akasema. "Nani aliiacha hivi?"

"Ni mimi. Siku ya gasketi."

Nje mtu alikuwa anagonga bamba, akaacha.

"Ikaze," nikamwambia. Akachukua msasa, akasugua chuma hadi kikang'aa bila mimi kumwambia, akaikaza. Mshale wa mita ukalala. Injini ilikaa ikinguruma taratibu, dakika tano, kumi, moto kabisa, haikutetemeka. Kompyuta ilikuwa ileile ya kwanza, juu ya mpira wake. Nikawaonyesha wekundu kwenye mfereji wa skrubu, wakapokezana miwani yangu mmoja mmoja kama mashemasi wanaopitisha sahani. Kisha nikasema mbele yao kwamba Joram hakubadilisha kitu, kwamba aliyeharibu ni mimi, na aliyesema Burma ni mimi. Nikamwomba msamaha Mama Lavenda. Nikamwomba Joram mwisho, kwa sababu ndiye aliyekuwa mgumu.

Mwenyekiti akakohoa. "Sheria inasema fundi akibadilisha kifaa anatoka. Haisemi kitu juu ya fundi anayebadilisha jina la mtu. Joram, wewe unataka tumfanye nini huyu?"

Joram alifikiri muda mrefu, na nadhani aliufurahia muda huo, naye alikuwa na haki. "Asitolewe," akasema. "Tukimtoa ataenda na hiyo mita. Adhabu yake ni hii: asigeuze mgongo tena. Akichomeka hicho kiwaya chake, sote tusimame tuone."

Watu waliangua kicheko, nami nikacheka nao huku macho yakiniwasha. Mama Lavenda akauliza kama sasa anaweza kuchukua gari lake, kuna watu wanazaa.

Tangu Jumatatu iliyofuata nilifundisha waziwazi. Nilikuwa mwalimu mbaya, nina haraka na ninarudia maneno. Joram aliyashika hata hivyo, na yeye ni mwalimu mzuri kuliko mimi. Unga haukuisha, kinyume na tulivyoogopa. Magari yaliongezeka, maana watu walisikia kuna yadi ambayo ukienda, hata mwosha magari anajua kuhesabu taa.

Faith alifundishwa na Joram. Ana skana inayoongea na simu yake na kumwandikia majina ya makosa kwa maneno, na sisi wazee tulidhani itamfanya mvivu. Wiki yangu ya mwisho lililetwa gari kuukuu la posho mill fulani. Nilisimama mbali, macho yangu hayaoni tena nyaya nyembamba na hiyo ndiyo sababu ya kustaafu. Skana yake ikatoa makosa manne kwa mpigo. Hakununua sensa. Aliiweka skana kwenye bampa, akainama na msasa.

"Unatafuta nini?" nikamuuliza, nikijifanya sijui.

"Maji wanayokunywa," akasema, bila kuinua kichwa.

Mzee Odongo hakumwona Faith hata siku moja.

Kwa kuwa ninamtaja Joram karibu kila ukurasa, niliona si haki kuwapa ninyi maandishi haya kabla yeye hajayaona. Nilimpelekea daftari jana, akalisoma akiwa ameketi juu ya tairi, midomo ikitembea. Nilisimama pale kama mtahiniwa.

"Mulamwa, ni sawa," akasema mwishowe. "Lakini si Jumanne mliponisema, ilikuwa Jumatano. Mama wa chai aliniambia."

"Daftari linasema Jumanne."

"Basi andika zote mbili. Na kuna kitu umeficha tena."

"Nini?"

"Bolti. Umeandika bolti, bolti, ukurasa mzima. Kijana atakayesoma atajua vipi ashike spana gani?"

Alisema kweli. Kwa hiyo ninaandika: Jumanne, au Jumatano. Na bolti ya ethi iko upande wa nyuma wa kile chuma cha kugawa hewa, huioni, unaitafuta kwa mkono wa kushoto. Spana namba kumi. Ikaze kabla hujaitikia anayekuita.